Namna ya Kutengeneza Bodi ya Saketi Iliyoharibika Ndani ya Treni ya Kuchezea

Treni za kuchezea zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue na katika maduka ya vitu vya watoto hutofautiana sana kwa sura na rangi, lakini ukizifungua utakuta mpangilio ni uleule. Kichwa cha treni hubeba kasha la betri mbili au tatu za ukubwa wa AA, swichi ya kusukuma, mota ndogo ya mkondo mnyoofu, spika, taa moja au mbili za LED, na bodi ya saketi isiyozidi ukubwa wa kiberiti, ambayo ndiyo inayoamua lini honi ilie na lini magurudumu yaanze kuzunguka. Mabehewa yanayofuata kwa kawaida hayana kitu ndani; huvutwa tu. Mwongozo huu unahusu treni za aina hiyo, zinazotembea kwa volti 3 hadi 4.5 za betri zake zenyewe. Treni za wakusanyaji zinazochukua umeme kutoka kwenye reli, kama zile za Märklin na Lionel, zina bodi za namna nyingine, na ingawa njia ya kupima haitofautiani sana, marekebisho ya mkato yatakayoelezwa hapa hayazifai.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba bodi husingiziwa mno. Treni ikigoma, mwenye nayo husema papo hapo kwamba saketi imeungua, ilhali mara nyingi umeme haujafika kwenye bodi kabisa, au umefika, bodi imefanya kazi yake, na kilichokwama ni mota au gia. Kwa hiyo kazi nzima ni kufuata umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye mota, kituo kwa kituo, na kutafuta mahali unapopotelea. Pasi ya kulehemu haina haja ya kupata moto kabla mahali hapo hapajajulikana. Bodi hizi nyingi ni za karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi, shaba yake imebandikwa kijuujuu, na anayezigusagusa kwa pasi huku akibahatisha huishia kuongeza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Vifaa

Multimita ya kidijitali ya bei ya chini inatosha, mradi iwe na kipimo cha volti za mkondo mnyoofu, cha omu, cha dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kile kinachopiga mlio nyaya mbili zinapokuwa zimeungana, na tundu la ampea 10. Pasi ya kulehemu iwe ya wati 25 hadi 40 na yenye ncha nyembamba. Kama ni ya kurekebisha joto, nyuzijoto 320 hadi 350 zinatosha kabisa. Kuhusu lehemu yenyewe, chagua waya wa milimita 0.8 au chini ya hapo, wenye flaksi ndani, yaani dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike. Mchanganyiko wa bati asilimia 60 na risasi asilimia 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, ilhali lehemu zisizo na risasi huhitaji takriban 217 na kuendelea, na kwa bodi dhaifu kama hizi tofauti hiyo huonekana. Kwa kuwa risasi ni sumu, fungua dirisha, usile wakati wa kazi, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na mwenye treni asogezwe mbali na meza hata kama analilia kuona.

Zaidi ya hapo utahitaji bisibisi ndogo ya nyota (baadhi ya treni zina skrubu za pembetatu, nazo zina bisibisi yake), kibano, kisu kidogo chenye ncha kali, mswaki wa zamani, spiriti ya duka la dawa, siki kidogo, waya mwembamba, na simu yenye kamera nzuri. Kamera ina kazi mbili: kupiga picha ya kila waya kabla haujatolewa, na kukuza viungio vidogo vya lehemu ambavyo macho peke yake hayavioni vizuri.

Onyo moja linahusu treni zinazochajiwa kwa waya wa USB. Hizo zina betri ya lithiamu ya volti 3.7 ndani, nayo ikiwa imevimba, imetoboka au inatoa harufu, isichajiwe tena wala kufanyiwa majaribio; iondolewe na kuwekwa mbali na vitu vinavyoshika moto. Kama betri ni nzima, kata waya wake mmoja baada ya mwingine, kamwe usikate yote miwili kwa mkasi mmoja kwa wakati mmoja, kwa sababu mkasi ni chuma na utaiunganisha.

Kusoma dalili kabla ya kufungua

Weka betri mpya kwanza, halafu angalia treni inafanya nini na haifanyi nini. Treni iliyo kimya kabisa, bila taa wala sauti wala mtikisiko wa mota, kwa kawaida haipati umeme, na lawama ya kwanza iende kwenye vishikizo vya betri, swichi na nyaya. Treni inayowaka taa na kupiga honi lakini haitembei ina bodi iliyo hai angalau nusu. Hapo shuku transista inayoendesha mota (kijenzi kidogo kinachofungua na kufunga mkondo wake kama swichi), mota yenyewe, au nyaya zake. Ikitembea bila sauti, tazama spika na nyaya zake nyembamba kabla ya kuiwazia mabaya chipu, ule ubongo mdogo wa bodi unaotoa amri na sauti. Na kama mota haisimami hata pale ambapo treni ilizoea kutulia kidogo ili honi ilie, transista imeshikana ndani, yaani inapitisha umeme muda wote. Mota ikisikika inazunguka ilhali magurudumu hayaendi, weka multimita yako pembeni: gia ndogo ya plastiki iliyo kwenye mhimili wa mota imepasuka, na hilo halihusu bodi.

Dalili inayowachanganya watu zaidi ya zote ni hii: treni inawaka, honi inaanza, mota inashtuka, halafu kila kitu kinakatika na honi inaanza tena tangu mwanzo, hivyo hivyo bila kikomo. Mtu huapa kwamba chipu imekufa. Ukweli ni kwamba chipu ni nzima na inafanya kile ilichoundwa kufanya. Mota inapoanza kuzunguka, au inapozuiwa, huvuta mkondo mkubwa kuliko ule wa mwendo wa kawaida, na ikikwama kabisa huweza kupita ampea 1. Mkondo huo ukipita kwenye betri zilizochoka au kwenye kiungio kilicholika, volti huanguka, chipu inakosa umeme wa kuisimamisha, inazimika, mota inaachia, volti inapanda, na chipu inaanza upya. Betri inayosoma volti 1.5 ikiwa imekaa mezani huweza kushuka chini ya 1.1 mara mota inapovuta, ndiyo maana betri hupimwa treni ikiwa imewashwa. Betri za kuchajiwa za NiMH, ingawa kila moja ni ya volti 1.2 tu, mara nyingi huiponya dalili hii kuliko betri mpya za bei rahisi, kwa sababu volti yake haitetereki mota inapovuta.

Kabla ya kubadilisha chochote kwa dalili hiyo, geuza kichwa cha treni na uchunguze mihimili ya magurudumu. Nywele, nyuzi za zulia na za mkeka hujizungusha kati ya gurudumu na fremu, hubanana taratibu kwa wiki nyingi hadi zinakuwa pete ngumu ya kijivu, na mota hulazimika kuzivunja nguvu kila inapoanza. Zikate kwa ncha ya kisu na uzitoe kwa kibano. Idadi ya treni "zenye bodi mbovu" zinazopona hapo inatosha kumfanya fundi yeyote aanze na hatua hii.

Kufungua na kusafisha

Toa betri, fungua skrubu zote na uzipange kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, kwani mara nyingi kuna moja iliyo fupi kuliko nyingine, na ndefu ikiingia mahali pake hutoboa ganda. Nusu mbili za ganda zisivutwe kwa nguvu. Spika huwa imebanwa upande mmoja na bodi upande wa pili, na nyaya zinazoziunganisha ni nyembamba kiasi cha kung'oka kwa mvuto mdogo. Piga picha, mbele na nyuma, kabla hujagusa kitu.

Ukikuta unga mweupe au ukoko wa kijani kwenye vishikizo vya betri, betri zimevuja. Betri za alkali hutoa hidroksidi ya potasiamu, ambayo ni besi kali (kinyume cha asidi), kwa hiyo hutulizwa kwa matone ya siki au maji ya limau. Betri za kawaida za zinki na kaboni huvuja maji yenye asidi, nazo hutulizwa kwa soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Tumia pamba au ncha ya mswaki, usimwage, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Chuma cha kishikizo kikishalika hadi chini ya rangi yake inayong'aa, kukwangua kwa msasa laini kutakupa miezi michache tu. Kishikizo kipya, au kilichotolewa kwenye kitu kingine kilichokufa, ni dawa ya kudumu zaidi.

Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Maji ya betri hutambaa ndani ya waya, hasa ule wa upande hasi, chini ya plastiki yake, na kuigeuza shaba kuwa nyeusi kwa urefu wa sentimita kadhaa. Waya huo kwa nje ni mzima. Ukiumenya utakuta nyuzi nyeusi zinazokatika kama majani makavu na zinazokataa lehemu hata ukiongeza flaksi. Usihangaike nao; badilisha waya wote.

Maji hayohayo yakifika kwenye bodi huacha ukoko wa kijani kuzunguka miguu ya swichi na ya kapasita (vijenzi vinavyohifadhi umeme kidogo). Sugua kwa mswaki uliolowa spiriti, mara mbili au tatu, hadi shaba na lehemu zionekane wazi, kwa sababu usipoziona huwezi kuzipima. Swichi ya kusukuma nayo hupewa tone la spiriti katika mwanya wake na kusukumwa huku na huku mara kadhaa. Oksidi iliyo ndani huondoka, na si ajabu treni ikaamka hapohapo.

Kufuata volti

Rudisha betri, washa swichi, weka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu. Waya mweusi wa mita ukae kwenye kishikizo hasi cha mwisho cha kasha, na ule mwekundu utembee. Anza kwenye kishikizo chanya: kwa betri tatu mpya utaona 4.5 au zaidi kidogo. Nenda kwenye mguu wa swichi unaopokea, kisha ule unaotoa, kisha mahali waya mwekundu unapolehemewa kwenye bodi, kisha kwenye mguu chanya wa mota. Kila kituo kinapaswa kusoma karibu sawa na kilichotangulia. Pale ambapo 4.5 inakuwa 2 au sifuri, ubovu uko kati ya kituo hicho na kilichopita, na umeupata bila kuyeyusha hata punje ya lehemu.

Upande hasi husahaulika, ingawa ndio unaolika zaidi. Acha waya mweusi palepale na uguse kwa mwekundu mahali waya hasi unapoingia kwenye bodi, treni ikiwa imewashwa. Mita inapaswa kusoma sifuri au karibu nayo. Ikisoma nusu volti au zaidi, waya huo au kiungio chake kina upinzani usiostahili. Tahadhari moja: baadhi ya watengenezaji huweka swichi kwenye upande hasi, kwa hiyo fuata nyaya kwa macho kwanza usije ukaishangaa mita bure.

Kama volti zote zinafika kwenye bodi, chunguza viungio vya lehemu kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Kiungio kizima kina mteremko laini kutoka kwenye mguu hadi kwenye shaba. Kilichopasuka kina pete nyembamba nyeusi inayouzunguka mguu, na ukiusukuma mguu kwa kijiti cha meno unaona ukitikisika ndani ya lehemu yake. Hapa pana sehemu ya kuangaliwa kuliko zote. Katika treni nyingi chipu ya sauti haikai kwenye bodi kubwa. Iko kwenye kibodi kidogo chenye tone jeusi la gundi ngumu, kilichosimamishwa wima na kulehemewa ukingoni kwa pedi (vibati bapa vya shaba) tano, nane au zaidi zilizopangwa mstari mmoja. Treni ikianguka kutoka mezani, kibodi hicho huyumba na pedi za mwisho wa mstari hupasuka. Chipu inaonekana imekufa, kumbe imekosa mguu wa kusimamia. Weka flaksi kidogo, gusa kila pedi kwa ncha ya pasi pamoja na punje ya lehemu mpya kwa sekunde mbili hivi, hakikisha pedi mbili jirani hazijaungana, kisha kipe kibodi tone la gundi pembeni kisiyumbe tena.

Transista ya mota

Chipu haina nguvu ya kuendesha mota moja kwa moja. Hutuma mkondo mdogo kupitia kizuizi (rezista), mara nyingi cha omu 470 au 1,000 (kwenye vile vidogo vya kubandikwa huandikwa 471 na 102), hadi kwenye besi ya transista, yaani mguu wake unaopokea amri, nayo transista huufungulia mkondo mkubwa wa mota. Iliyozoeleka ni S8050, aina ya NPN. Ile yenye miguu mitatu, ukielekeza uso wake bapa kwako na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni emita (unaokwenda upande hasi), wa katikati ni besi na wa kulia ni kolekta (unaopokea mkondo wa mota). Ile ndogo ya kubandikwa juu ya bodi huandikwa J3Y. Mguu ulio peke yake upande mmoja ni kolekta.

Kipimo cha maana hufanyika treni ikiwa imewashwa na ikitakiwa kutembea. Weka waya mweusi wa mita kwenye emita na mwekundu kwenye besi. Ikisoma takriban 0.7, chipu imetoa amri. Sasa gusa kolekta: ikisoma sehemu ndogo tu ya volti, transista imefungua, na kama mota haizunguki basi mota au waya wake ndio mbovu. Kolekta ikibaki na volti zote za betri ilhali besi ina 0.7, transista imekatika ndani. Besi ikisoma sifuri, amri haijafika, kwa hiyo pima upande wa pili wa kizuizi. Ukikuta volti pale, kizuizi au kiungio chake kimekatika, na usipoikuta, swali linarudi kwa chipu.

Katika treni inayokwenda mbele tu kuna jaribio la haraka: unganisha kolekta na emita kwa kipande cha waya kwa sekunde moja. Mota ikizunguka, umejua kwamba betri, nyaya na mota ni vizima. Jaribio hili lisifanywe kwa treni inayokwenda mbele na nyuma, kama zile za kuongozwa kwa rimoti. Hizo huwa na transista nne, mbili za NPN na mbili za PNP (zenye uelekeo wa umeme uliogeuzwa) kama S8550, au chipu moja ndogo inayofanya kazi ya zote nne, na kuunganisha miguu kwa waya huweza kugonganisha chanya na hasi za betri. Huko toa betri, weka mita kwenye kipimo cha dayodi, na upime kila transista peke yake: kutoka besi kwenda kwenye miguu mingine miwili usomeke 0.6 hadi 0.7 kwa uelekeo mmoja, na kati ya kolekta na emita pasiwe na mlio. Ukikuta moja imeshikana, ipime kwa makini na mwenzake wa upande uleule, kwani aghalabu hufa pamoja.

Kuitoa transista ya miguu mitatu bila kung'oa shaba, ikate miguu kwanza kwa koleo ndogo, halafu utoe kila mguu peke yake kwa pasi na kibano. Usiivute ikiwa nzima huku ukichoma mguu mmoja baada ya mwingine. Ndivyo pedi zinavyobanduka. Kwa mpya, SS8050 ni bora kuliko S8050 kwa sababu hustahimili hadi ampea 1.5, na mpangilio wa miguu ni uleule. BC337 pia inafaa na hupatikana kwa urahisi, ila miguu yake imepinduka: kolekta iko kushoto na emita kulia, kwa hiyo igeuze.

Kabla ya kufunga kesi ya transista, jiulize kilichoiua. Mota iliyokabwa na nywele ni jibu la kawaida. Jibu jingine ni msukumo wa umeme unaorudi mota inapokatiwa mkondo. Kwa treni ya mbele tu, lehemu dayodi ya 1N4148 au 1N4007 kati ya miguu miwili ya mota, mstari wake ukielekea upande chanya. Kwa treni inayorudi nyuma dayodi hiyo isiwekwe, maana siku umeme ukigeuzwa itakuwa njia ya mkato. Aina zote mbili zinanufaika na kapasita ndogo ya seramiki yenye maandishi 104 juu ya miguu ya mota, ambayo hunyamazisha cheche za brashi zisiivuruge chipu. Mara nyingi ilikuwapo na ikakatika mguu mmoja. Ile dalili ya honi kuanza upya isipopona kwa betri na usafi, badilisha pia kapasita ya mviringo iliyo karibu na waya mwekundu. Ya mikrofaradi 220 na volti 10 inatosha, upande wenye mstari uende hasi.

Njia ya shaba iliyokatika

Njia ikikatika au pedi ikibanduka, watu hujaribu kuujaza mwanya kwa lehemu. Lehemu haishiki kwenye karatasi, na hata ikionekana imeshika, itaachia treni itakapogonga ukuta. Fuata njia ile kwa macho hadi uone inaunganisha mguu gani na mguu gani, hakikisha kwa kipimo cha mlio, kisha vusha kipande cha waya kutoka mguu hadi mguu na kuiacha njia ya zamani kabisa. Inapobidi kulehemu kwenye njia yenyewe, kwangua rangi ya kijani taratibu kwa ncha ya kisu hadi shaba ing'ae kwa urefu wa milimita 3 hivi, ipake lehemu nyembamba kwanza, ndipo uulaze waya juu yake. Kisha tone la gundi lishike katikati ya waya, lisifike kwenye viungio.

Chipu iliyo chini ya tone jeusi

Ikiwa chipu inapata volti zake, kibodi chake kimelehemewa upya, besi haipokei amri, na pengine tone lenyewe linapata joto ukiligusa, chipu imekufa. Haitengenezeki, ndani ya gundi ile kuna nyuzi nyembamba zilizounganishwa kiwandani, na chipu nyingi za namna hii hazina hata namba ya kuagizia nyingine. Treni nyingi hutupwa hapa, na kwa maoni yangu bila sababu, kwa kuwa mtoto huikosa safari kabla hajaikosa honi. Ng'oa transista ya mota, kata njia inayoipelekea chipu umeme ili isiendelee kumaliza betri, na uunganishe kwa waya mahali palipokuwa na kolekta na emita. Swichi ikiwashwa, treni itatembea moja kwa moja.

Taa ya mbele huokolewa kwa kizuizi kimoja: kwa betri tatu, omu 220 kwa LED nyekundu au ya njano, omu 150 kwa nyeupe, ikiunganishwa baada ya swichi. Sauti ndiyo itakayokosekana, nami sijaona mtoto aliyeilalamikia zaidi ya siku ya kwanza. Wazazi hawalalamiki kabisa.

Kabla hujaihukumu sauti kwa ujumla, jaribu spika. Toa waya wake mmoja kwenye bodi, gusisha betri moja ya AA kwenye miguu yake kwa mara moja. Spika nzima hutoa mkwaruzo mfupi. Ikiwa kimya, kipimo cha omu kitasoma umeme haupiti, na spika nyingine ya omu 8 yenye kipenyo hichohicho itaingia mahali pake. Sauti inayovutika na kuwa nzito kama ya mtu mwenye usingizi, kwa upande mwingine, ni ya volti iliyopungua, nayo hutibiwa kwenye betri.

Kupima kazi na kufunga

Safisha flaksi kwa spiriti, acha ikauke, kisha pima mkondo kabla ya kurudisha ganda. Chukua kipande cha karatasi ngumu, ukipenyeze kati ya betri ya mwisho na kishikizo chake ili umeme ukatike, badilisha waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la ampea 10, halafu gusa betri kwa ncha moja na kishikizo kwa ncha nyingine. Magurudumu yakiwa hewani, treni ndogo nyingi huvuta miliampea mia moja na kitu hadi mia tatu hivi. Ikivuta nusu ampea bila mzigo, bado kuna kinachokwaruza kwenye gia au kuna saketi iliyoshikana. Swichi ikizimwa, mita irudi sifuri. Isiporudi, kuna njia inayoikwepa swichi, na betri zitakuwa zimeisha baada ya siku chache bila treni kuchezewa. Usisahau kurudisha waya wa mita kwenye tundu lake la volti, la sivyo kipimo chako kijacho cha volti kitakuwa shoti ya betri.

Laza nyaya mbali na gia, zishike kwa gundi ya moto mahali zinapoingia kwenye bodi, na ufunge ganda bila kulazimisha. Likigoma kukutana, kuna waya umebanwa. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki nazo zina adabu yake. Zungusha kila moja kinyumenyume taratibu hadi uisikie ikidondokea kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo uikaze, maana ukiikaza bila hivyo itachonga mfereji mpya, na baada ya kufunguliwa mara mbili au tatu tundu halitashika tena.